Naomba ushauri: achari ya embe na mvua hizi za vuli

Assalam aleikum wenzangu. Niko Wete, skuli zimefungwa na embe mbichi zimejaa uani, nataka nitengeneze achari na watoto. Tabu ni mvua. Ukishakata vipande, ukavitia chumvi na bizari, ukavianika kwenye uteo, jua kidogo tu, mara mvua hiyo! Vya jana vimeanza kuteleza. Je, nivianike jikoni karibu na moto, au niache kuanika, nichemshe tu na siki na sukari? Mama mkwe hataki hata kusikia habari ya sukari. Halafu kitindamimba wangu ana miaka sita, hakawii kujipangusa macho. Pilipili na kisu simpi. Nimpe kazi gani?