Asilimia 38 ya "wizi", na niliyemwibia ni mimi mwenyewe!

Wadau, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Tasnifu yangu nimeihangaikia miezi minane. Kabla ya kuwasilisha nikaipitisha kwenye tovuti moja ya bure ya kukagua maandishi yaliyonakiliwa. Asilimia 6. Nikalala usingizi mnono. (Kumbe ilisoma maneno 1,000 ya mwanzo tu, kwingine ilitaka nilipie. Hilo kosa langu, nimelimeza.)

Wiki mbili baadaye msimamizi ananipigia: "Una asilimia 38, hii ni kopi na pesti." Akakata. Ripoti hakuifungua, kaona namba tu!

Nikaidai ripoti nzima, nikaikagua ukurasa kwa ukurasa. Asilimia 21 inafanana na "kazi ya mwanafunzi" isiyo na jina. Nikaanza kumtafuta huyo mwanafunzi aliyeniibia, damu inachemka. Kuja kushtuka, ni mimi! Ni rasimu ya sura tatu niliyomtumia msimamizi huyohuyo, akaipitisha kwenye mfumo wa kukagua mfanano bila kuzima sehemu ya kuhifadhi. Ikabaki kwenye hazina ya mfumo (kazi zilizohifadhiwa za kulinganishia), kazi kamili ilipoingia mtambo ukapiga kelele: mwizi!

Asilimia 9 ni orodha ya marejeo. Jamani, jina la kitabu na mwaka wake nibadilishe vipi nisionekane nimenakili? Asilimia 5 ni nukuu nilizozifungia alama na kutaja mwenyewe. Zilizobaki 3 ni vijisentensi vya aina ya "data zilikusanywa kwa njia ya hojaji na usaili". Nani hajaiandika hiyo? Marejeo na nukuu huondolewa kwa kubofya mara mbili kwenye mipangilio. Hakuna aliyebofya.

Sasa kinachoniuma zaidi. Kuna mwenzangu (simtaji) kachukua makala ya Kiingereza, kaitafsiri aya kwa aya, hata mifano hakubadilisha. Asilimia 4! Kapongezwa. Mitambo hii kwa kawaida inalinganisha mfuatano wa maneno na ilichonacho kwenye hazina yake. Wazo lililoibwa likavishwa lugha nyingine mara nyingi linapita mlangoni linapiga mluzi.

Hata Turnitin, kampuni ya mfumo wa kukagua mfanano ambao wengi wenu mnawajua, husema wazi kwamba namba ile ni kipimo cha mfanano, na kuamua kama kuna wizi ni kazi ya binadamu. Binadamu wangu anasema "shusha iwe chini ya 20, tutaongea". Yaani nichakachue sentensi zangu nzuri, niweke visawe vya ajabu ajabu, ili nionekane mwaminifu!

Na jana kaongeza kwamba ataipitisha pia kwenye kifaa cha kutambua maandishi ya akili mnemba. OpenAI wenyewe walitoa cha kwao Januari 2023, wakakiondoa Julai mwaka huohuo kwa kuwa usahihi wake ulikuwa mdogo. Nikamtumia taarifa hiyo. Ameisoma, kimya.

Ninachouliza: kuna aliyewahi kufanikiwa kufutiwa rasimu yake kwenye hazina ya mfumo? Anayeomba ni mwanafunzi au lazima mwalimu aliyeipakia? Mwenye uzoefu aje, na wale wa "ungeandika mwenyewe" wapite kimya kimya, leo sina uvumilivu.