Sauti chini ya bahari inapanda na kushuka: kifaa kibovu au bahari yenyewe?

Mleta mada: Habari zenu wakuu. Naandika tasnifu ya shahada ya pili ya fizikia. Kati ya Unguja na bara, kina cha mita 40 hivi, nimezamisha kipaza sauti kinachotoa mlio wa hezi 2,000, na kilomita 2 mbele nina maikrofoni ya majini. Vyote vimetiwa nanga, nguvu ya mlio sijaigusa. Ila sauti inayofika hushuka hata desibeli 10 ndani ya dakika chache, kisha hurudi. Msimamizi wangu anataka nifute rekodi "mbovu". Roho inaniuma, nimelala baharini siku nne kuzipata. Nifanyeje?

Fundi Mitambo: Kwanza kagua betri. Halafu weka maikrofoni mita 2 tu kutoka kwenye kipaza. Ikicheza hapo, kifaa kina shida.

Kasi1500: Nakubaliana na Fundi, ila usifute hata moja. Mlio wako hufika kwa njia nyingi: mmoja umenyooka, mwingine umegonga uso wa maji, mwingine sakafu. Urefu wa wimbi lako ni sentimita 77 hivi. Mawimbi mawili yenye nguvu sawa yakifika yamepishana kwa nusu ya hapo, yanauana. Na kwenye maji ya vuguvugu kama yetu, nyuzijoto moja tu hubadili kasi ya sauti kwa mita 2 hivi kwa sekunde, hivyo kupishana huko hakutulii.

Mzamiaji: Hesabu siijui, ila nazamia kila siku. Unashuka kwenye maji ya moto, ghafla unaingia baridi. Ukirudi baadaye, mpaka ule umeshahama.

Kasi1500: Hapohapo, kaka. Yapo mawimbi yanayopita ndani kwa ndani, uso usiyaonyeshe. Huwezi kutabiri kila moja, ndiyo maana wanasayansi wa bahari Garrett na Munk mwaka 1972 waliyaeleza kitakwimu. Mleta mada, fanya vivyo hivyo: chora mgawanyo wa nguvu ya sauti. Njia zikiwa nyingi na zimevurugika kabisa, karibu kipimo 1 kati ya 10 huwa chini ya wastani kwa desibeli 10 au zaidi. Ukivifuta, umefuta tabia ya bahari uliyokwenda kuipima.

Mleta mada: Nimerudi wakuu. Kwa mita 2, saa nzima haikucheza hata nusu desibeli. Kwa kilomita 2, yaleyale. Nimeazima kamba ya vipimajoto. Nirekodi muda gani?

Kasi1500: Maji yajae na kupwa mara mbili, kama saa 25. Na rekodi za kaskazi usizichanganye na za kusi.