Makala za zamani zimeshuka kwenye Google: nizifute au nizirekebishe?

Mwenye tovuti ya mboga:
Habari zenu wanajukwaa. Ninaendesha tovuti ndogo ya kilimo cha mboga, ambayo makala zake nyingi niliziandika kati ya 2017 na 2020, nilipokuwa nikilima nyanya Ngarenanyuki, mkoani Arusha. Kwa muda sasa wasomaji wanaoingia kupitia Google wanapungua mwezi hadi mwezi, ingawa kila wiki ninaongeza makala mpya. Ile iliyokuwa ikiibeba tovuti, yenye kichwa "Mbinu za Kudhibiti Tuta absoluta" (yule mdudu anayeharibu nyanya), sasa inaonekana kwenye ukurasa wa pili. Rafiki mmoja amenishauri nibadilishe tarehe tu, na mwingine anasema nifute zote nianze upya. Naomba ushauri wa waliokwisha kupitia hali hii.

Mhariri wa mtandaoni:
Pole, ndugu, na tafadhali usifute chochote kwanza. Fungua Google Search Console, yaani huduma ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi kurasa zake zinavyoonekana kwenye utafutaji, uingie kwenye ripoti ya utendaji, uchague ukurasa huo mmoja, kisha usome maneno ambayo watu waliyaandika hadi wakaonyeshwa makala yako. Takwimu hizo huhifadhiwa kwa miezi 16, kwa hiyo unaweza kulinganisha miezi mitatu iliyopita na miezi hiyo hiyo ya mwaka jana. Usilinganishe na miezi iliyotangulia tu, kwa kuwa nyanya ina msimu wake na huenda ukadhani umeshuka kumbe wakulima wako hawajaotesha.

Tafuta maneno yaliyoonyeshwa mara nyingi lakini yakabofywa mara chache. Nitashangaa usipokutana na "kanitangaze", jina ambalo wakulima wanamwita Tuta absoluta. Mdudu huyu aliingia Tanzania mwaka 2014, na mkulima wa kaskazini anayekuta majani yana michirizi na matunda yametobolewa hatafuti jina la Kilatini, bali anaandika "dawa ya kanitangaze". Neno hilo halimo katika kichwa chako, na pengine halimo hata katika aya ya kwanza.

Hata hivyo, kichwa peke yake hakitatosha. Anayetafuta dawa anataka kujua achanganye kiasi gani kwa bomba moja, anyunyize wakati gani wa siku, na asubiri siku ngapi kabla ya kuvuna. Isitoshe, mdudu huyu huzoea dawa upesi, na dawa uliyoisifu 2017 huenda leo haimsumbui kabisa. Aya kuhusu kubadilisha makundi ya dawa, pamoja na mitego ya harufu inayonasa madume, itamfaa msomaji kuliko makala tano mpya.

Fundi wa tovuti:
Naunga mkono, na ninaongeza kuhusu tarehe. Google imewaambia waziwazi wenye tovuti kwamba kubadili tarehe bila kubadili maudhui kwa kiasi cha maana si jambo jema. Ukishaandika upya kweli, acha tarehe ya kwanza ya kuchapishwa na uweke ya marekebisho kando yake, kisha uhakikishe ramani ya tovuti (sitemap, faili linaloiorodheshea Google kurasa zako) nayo inabeba tarehe hiyo mpya. Anwani ya ukurasa usiiguse. Mimi niliwahi "kusafisha" anwani za tovuti ya mteja bila kuzielekeza zile za zamani kwenye mpya, na viungo vyote ambavyo watu walikuwa wameviweka kwa miaka vikaishia kwenye ukurasa usiopatikana.

Mwandishi wa zamu:
Mimi ningetahadharisha kidogo. Si kila makala ya zamani ni mbovu: namna ya kuandaa kitalu haijabadilika sana, na kama makala hiyo bado inaleta watu, iache. Niliwahi kuiandika upya makala iliyokuwa ikifanya vizuri, nikaondoa jedwali nililoliona la kizamani, kumbe wasomaji wengi walikuwa wakilijia hilo hilo. Tangu hapo sifuti sehemu kabla ya kutazama ni maneno gani yanayoifikia.

Mwenye tovuti ya mboga:
Nashukuru sana wakuu. Nimefungua ripoti na nimekuta "kanitangaze" kweli, tena kwa tahajia mbili, kwa maana wengine wanaandika "kantangaze". Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba ninazo makala mbili zinazomhusu mdudu huyo huyo, na Google inaonyesha mara hii, mara ile. Je, niziunganishe?

Fundi wa tovuti:
Ziunganishe. Chagua ile yenye viungo vingi kutoka nje, uhamishie humo aya zinazofaa za nyenzake, kisha anwani ya hiyo nyingine uielekeze huko kwa uelekezaji wa kudumu wa 301. Ukimaliza, pitia makala zako nyingine za nyanya na uweke viungo vinavyoelekea kwenye makala hiyo, na maneno ya kiungo yawe "kanitangaze", wala yasiwe "bofya hapa". Halafu iache kwa wiki kadhaa kabla ya kuigusa tena.