Mrejesho: Diski ya nje iliyokataa nakala ya faili la GB 6

Niliuliza kwa nini diski ya nje ya TB 1 inakataa faili la hesabu la GB 6 wakati nafasi ipo tele. Mlikisia sawasawa: ilikuwa na FAT32, mfumo wa kupanga faili kwenye diski, usiopokea faili moja la GB 4 au zaidi. Nimehamisha yaliyokuwemo, maana kufomati kunafuta kila kitu, kisha nikaifomati kwa NTFS, mfumo usio na kikomo hicho. Faili limeingia.

Amri ninayotumia sasa kwenye Windows, kwa robocopy (programu yake ya kunakili faili), kutoka D: kwenda diski ya nje E::

robocopy D:\Hesabu E:\NakalaA /MIR /R:2 /W:5

Msiache /R (mara za kujaribu tena) na /W (sekunde za kusubiri). Bila hizo, faili likishikwa na programu iliyo wazi, robocopy hujaribu tena mara 1,000,000, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Ndiyo ile "imeganda" tuliyokuwa tukiilalamikia. Funga programu ya hesabu kwanza.

Na /MIR, inayofanya nakala ilingane kabisa na D:\Hesabu, ni kisu cha makali kuwili: ulichofuta D: kinafutwa na kwenye nakala. Kwa hiyo wiki hii natumia folda ya NakalaA, ijayo NakalaB, ili nakala ya wiki iliyopita ibaki. Diski inachomolewa kazi ikiisha, kwani virusi vya kudai fidia hufunga hata diski iliyochomekwa.