Jambia la fedha sokoni Mutrah: naomba ushauri

Wakuu, nataka jambia la fedha na ubani wa Hojari (ule wa daraja la juu wa Oman) nusu kilo kutoka soko la Mutrah, Muscat. Ubani hauna shida: vipande vikubwa vya kijani hafifu vinavyopitisha mwanga, si vya kahawia vyenye magome.

Kazi ni jambia. Muhuri wa 925 (alama ya fedha ya asilimia 92.5) unaweza kugongwa hata juu ya shaba iliyochovywa fedha, na sumaku haisaidii kwa kuwa shaba nayo hainaswi. Je, masonara wa pale hukubali kukwangua nyuma ya ala na kupima kwa asidi kabla ya malipo? Mpini nataka wa mti. Pembe ya kifaru italeta kesi. Litasafiri kwenye begi la chini ya ndege. Forodha Dar, risiti inatosha?