Pikipiki yenye chumvi: maji ya kisima, ya bomba au mashine ya presha?

KijanaShella: Hodi wenzangu. Pikipiki yangu inalala karibu na bahari hapa Malindi, na hii kusi yaimwagia chumvi usiku kucha. Njiti za magurudumu zishaanza kushika kutu. Nyumbani tuna kisima, ila maji yake ni ya chumvichumvi. Ya bomba huja kwa zamu, yakikatika ni kununua mtungi. Au niipeleke kwa vijana wenye mashine ya presha? Mwaonaje?

FundiKisumuNdogo: Kisima kiache. Maji yake yakikauka, chumvi yabaki kwenye pembe za fremu pale pale ulipotaka kuitoa. Presha yang'oa matope vizuri, sikatai, lakini vijana huielekeza kwenye beringi na cheni, grisi yote yatoka, halafu walia kwangu. Chukua maji ya bomba, mtungi mmoja watosha. Suuza kwanza bila sabuni, ndipo upitishe kitambaa chenye sabuni, suuza tena, ukaushe. Cheni itie oili ikiwa kavu.

BiMaweni: Mtungi mzima! Mitambo ya maji ya Baricho ikisimama hata ya kupikia hatuna, nyinyi mwaoshea pikipiki. Si uifunike turubai tu, mwanangu?

FundiKisumuNdogo: Bi, turubai likiibana pikipiki chafu, unyevu hauna pa kutokea. Kutu itafanya kazi yake humo ndani kwa raha zake.

MmalindiToronto: Huku chumvi haiji na upepo, wanaimwaga barabarani makusudi ili barafu iyeyuke. Pikipiki wengi huziweka ndani hadi baridi ipite, kwa hiyo nitasema ya gari. Chini ya nyuzi 0 silioshi nje hata kwa dawa: maji huganda kwenye vitasa na mipira ya milango, asubuhi mlango haufunguki. Nangoja siku iliyopanda juu ya 0, nalipeleka pa kuoshea penye paa na joto, na nalipia zaidi maji ya kupiga uvunguni, maana chumvi hukaa huko. Nikitoka nafuta mipira ya milango mpaka ikauke, napaka silikoni. Na kioo kilichoganda usikimwagie maji ya moto, chaweza kupasuka.

FundiKisumuNdogo: Ndugu yangu, baridi kali yenu angalau huipunguza kutu mwendo. Hapa joto na unyevu havina likizo. Ndiyo maana namwambia huyu kijana asingoje pikipiki ionekane chafu, chumvi haionekani.

KijanaShella: Basi presha nimeiacha, labda siku ya matope. Na ile oili chafu wanayopaka boda wa njia ya Mambrui?

FundiKisumuNdogo: Kwenye njiti sawa, kidogo sana, kwa kitambaa. Kwenye cheni usithubutu, itanasa mchanga na mchanga utaisaga. Breki na tairi usiziguse nayo kabisa.