Ushauri: pachi za divaisi trii zinagusa meintena zaidi ya mmoja, nizitume kwa mpangilio gani?

mkonge_kerneli (Chumbageni, Tanga)
Wakubwa shkamooni, wa rika langu mambo vipi. Tuna karakana ndogo hapa Chumbageni, tunatengeneza bodi ya Linux ya kupima joto kwenye maboksi ya barafu ya samaki, jamaa wa pale Deep Sea wanaitumia na inawasaidia kweli mana samaki akishaanza kupata joto bei inaporomoka hapo hapo. Mpaka sasa tunaiendesha kwa kerneli (kiini cha Linux) tuliyoichonga wenyewe pembeni, kila toleo jipya likitoka ni kubandika pachi (mabadiliko yetu ya kodi) upya moja moja, tumechoka, tumeamua tuzipeleke juu kwenye Linux rasmi ili kerneli ya kawaida iwashe bodi yetu bila kuguswa.

Kazi ina vipande. Draiva mpya ya chipu ya ADC (inayogeuza voltiji kuwa namba), hiyo ni ya watu wa IIO, sehemu ya kerneli ya sensa na ADC. Bindingi yake ya YAML, yaani faili la kanuni za kuielezea chipu hiyo kwenye divaisi trii. Afu ADC inalishwa kloku (mapigo ya saa) kutoka kwenye prosesa na hiyo kloku haijapewa namba kwenye heda (faili la majina na namba zake) ya include/dt-bindings/clock, kwa hiyo tunaongeza namba na kugusa draiva ya kloku. Mwisho ndo faili la DTS la bodi yenyewe, yaani divaisi trii yake, maelezo ya chuma kilivyofungwa. Nikirun get_maintainer.pl (skripti ya kutaja meintena, yaani wasimamizi wa kila sehemu) natajiwa wa IIO, wa kloku, wa prosesa, na wale wa divaisi trii juu yao wote.

Kinachonisumbua ni kwamba vipande vinategemeana lakini kila kimoja kina ripo (hifadhi ya kodi) yake na mwenyewe wake. DTS haikompaili bila heda. Nikituma seti moja ya pachi zote nani anaichukua? Nikigawa, kimoja kikiingia toleo hili na kingine kikakwama si tutakuwa tumevunja kitu? Mmoja kaniambia nimwombe meintena mmoja apitishe vyote, mwingine kasema nisithubutu. Naombeni mwenye uzoefu anisaidie.

fundi_ngamiani
Usithubutu. DTS haipiti kwenye ripo ya draiva, hata iwe mistari miwili. Inapita kwa meintena wa prosesa, yeye anaipeleka kwenye ripo ya SoC (chipu za prosesa) kwa kina Arnd Bergmann, wao ndo wanaipeleka kwa Linus Torvalds, mkuu wa kerneli.

dada_wa_pachi
Kaka mkonge, ngoja nikueleze kwa kirefu kidogo mana ukielewa sababu mpangilio unakuja wenyewe.

Zamani kila bodi ya prosesa za ARM ilikuwa na faili lake la C ndani ya kerneli, zikajaa mpaka mwaka 2011 Linus akalalamika hadharani kwamba upande wa ARM ni vurugu tupu, na hapo ndo ARM ikasukumwa kwa nguvu kwenye divaisi trii, kitu ambacho watu wa prosesa za PowerPC walishakuwa nacho toka enzi za Open Firmware, programu ya kuwasha mashine. Maana yake ni kwamba DTS inaeleza chuma kilivyo: chipu gani iko kwenye basi gani, inalishwa kloku ipi, interapti inaingia pini gani. Haielezi draiva ya Linux inataka nini. Bodi yako itabaki vilevile hata draiva isipoandikwa kabisa, kwa hiyo DTS haitakiwi kuitegemea draiva. Ukikuta DTS yako mpya inavunja kitu kwa sababu draiva haijaingia, rudi uangalie bindingi, kuna kitu hakijakaa sawa.

Kwa hiyo ule wasiwasi wako wa kimoja kuingia na kingine kukwama, kwa draiva na DTS haupo. DTS ikitangulia, ile nodi (kipande kinachoeleza chipu) inakaa tu haina wa kuishika, bodi inawaka kama kawaida. Draiva ikitangulia, inasubiri nodi.

Mpangilio ndani ya seti: bindingi inakuwa pachi ya kwanza na iwe peke yake, usiichanganye na draiva. Pachi ya pili draiva. DTS mwisho kabisa. Wa IIO anachukua bindingi na draiva pamoja, ila kwa kawaida anasubiri Reviewed-by au Acked-by (alama kwamba pachi imesomwa au imekubaliwa) kutoka kwa watu wa divaisi trii, yaani Rob Herring, Krzysztof Kozlowski au Conor Dooley. Ni jahazi moja la kwenda Pemba lenye mizigo ya watu tofauti, linasafiri pamoja ila bandarini kila mtu anachukua wa kwake.

Na kabla hujatuma chochote endesha make dt_binding_check na make dtbs_check, zinazokagua bindingi na DTS. Nakuomba sana hapo. Wale watu wanasoma pachi nyingi mno na kosa ambalo mashine ingelikamata linawapotezea muda bure.

mkonge_kerneli
Dada asante sana, nimeelewa kuliko nilivyoelewa toka nianze. Sasa ile heda ya kloku je? Hapo DTS kweli inategemea, jina lisipokuwepo haikompaili.

sahare_gpio
Mi naongezea kuhusu seti moja kabla hamjafika kwenye kloku. Sio kila sehemu wanachagua pachi. Upande wa netiweki wao huchukua seti nzima kama ilivyo, ukiweka DTS humo wanaweza kuibeba au wakurudishie uitoe. Nyaraka za submitting-patches za divaisi trii zinasema wazi, kama meintena wa draiva anapenda kuchukua seti yote basi DTS itume kwenye seti yake, na kwenye barua ya utangulizi weka linki ya lore (kumbukumbu ya barua za kerneli) ya ile bindingi. Mi binafsi natenganisha siku zote.

dada_wa_pachi
@sahare_gpio kwa netiweki uko sahihi kabisa ila siku zote hapana. Mtu anayesoma bindingi akiiona DTS chini yake anaelewa haraka chipu imefungwaje. Kwa IIO mi ningeziweka pamoja.

mzee_wa_solda (Pangani)
Wanangu nimewasoma. Kwa kloku kijana wangu njia zipo tatu.

Ya kwanza, meintena wa kloku anaiweka pachi ya heda kwenye branchi (tawi la git) ya peke yake ambayo haitabadilishwa tena, kisha wa prosesa anaivuta ile ile kwake. Komiti (badiliko lililohifadhiwa kwenye git) inakuwa moja kwa wote wawili, git haileti mgongano. Ni nzuri lakini inawapa watu wawili kazi ya kuwasiliana, kwa hiyo iombe kwa adabu kwenye barua ya utangulizi, eleza nani anamsubiri nani.

Ya pili ndo nyepesi. Jina lililo kwenye heda ni jina tu, DTS ikishakompailiwa inabaki namba. Andika namba yenyewe kwenye DTS, heda ipite njia yake ya kloku, toleo likishatoka na vyote vikakutana kwenye rc1 (toleo la kwanza la majaribio) unatuma pachi ndogo ya kubadili namba kuwa jina.

Ya tatu ni kusubiri mzunguko mmoja, wiki tisa au kumi. Kama bodi tayari ziko kazini na kerneli yenu ya pembeni, sioni ubaya wowote.

Ila shika hili: namba ukishaipeleka ikatoka kwenye toleo hairudi nyuma. Hiyo ni ABI, makubaliano yasiyovunjwa. DTB (DTS iliyokompailiwa) ya zamani iliyoko kwenye bodi ya mvuvi lazima iendelee kuwaka na kerneli mpya. Na sio Linux peke yake, U-Boot (programu ya kuwasha bodi) nao siku hizi wanachukua DTS hizo hizo kutoka ripo ya devicetree-rebasing. Usipange namba upya ati ziwe kwa mfuatano mzuri, ongeza mwisho.

mkonge_kerneli
Shikamoo mzee. Naona ya pili inatufaa. Tukiwa tumeshafika rc6 hivi nitume au nisubiri?

mzee_wa_solda (Pangani)
Marahaba. Tuma upate maoni, kuingia hesabu mzunguko unaofuata. Meintena wa prosesa wanapeleka mizigo yao juu kabla dirisha la wiki mbili la kuingiza mabadiliko halijafunguliwa, na dirisha likiwa wazi wengi hawagusi pachi mpya, hapo subiri rc1 ndo utume toleo la pili la pachi zako.

fundi_ngamiani
Na bodi yenu inahitaji jina la kampuni kwenye vendor-prefixes.yaml, pachi yake peke yake, afu compatible (jina la kuitambulisha) ya bodi iingie kwenye YAML ya familia ya prosesa. Hilo watu wengi hulisahau na dtbs_check inapiga kelele.

mkonge_kerneli
Nimeliandika hilo. Naanza na bindingi, nikishapitisha dt_binding_check naileta hapa muiangalie kabla sijaituma.

dada_wa_pachi
Ilete na kipande cha skimatiki hapo kloku inapoingia kwenye ADC. Kama kwenye datashiti ile pini inaweza kuachwa wazi basi kwenye bindingi kloku isiwe lazima, na hilo ndo la kwanza watakalokuuliza.